Fungu la Mgawa Mpira

Nyumbani, 14 Januari

Mpwa wangu Sindano,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakitazama mpira wa kikapu ni kuufuata mpira kwa macho. Mpira ukienda huku, macho huku. Ukirudi, nayo yanarudi. Mchezo ukiisha mtu ana maumivu ya shingo na hajui kilichotokea. Nilikuwa nimekwisha kunoa kalamu nikueleze nilivyoligundua kosa hili, lakini mama yako amesimama nyuma yangu na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Amesoma mistari miwili akaniuliza kama ninamwandikia mtoto barua au ninamtungia mtihani. Basi, salamu kwanza.

Hatujambo. Mama yako hajambo, ila wiki hizi za kufungua shule huzungumza na wateja kwa nyusi, maana mdomo umejaa pini. Sare za wanafunzi zimefika mpaka kwenye kiti changu. Juzi asubuhi nilichukua shati kitini nikajaribu kulivaa, nikidhani langu limerudi kwa kufuliwa, kumbe ni la mtoto wa darasa la nne. Bomba la uani limetengenezwa na sasa linavuja upande wa pili. Magoti yangu yanalalamika nikipanda ngazi na kunyamaza nikishuka. Nimeyazoea kama nilivyowazoea wanafunzi wa dawati la nyuma.

Sasa somo. Tangu nistaafu ualimu nina saa za alasiri zisizo na kazi, nami nimezipeleka kwenye kiwanja cha shule yangu ya zamani. Mwalimu wa michezo ameniazima kitabu cha sheria. Nimekisoma chote, nikaenda kumweleza mwalimu huyo mambo matatu aliyokuwa akiyakosea, naye akaniomba kwa upole nikakae upande wa kivuli. Huko kivulini ndiko nilikojifunza kutotazama mpira. Tazama wasio na mpira, utauona mchezo wenyewe.

Na nimeelewa hatimaye kazi yako ni ipi. Mchezeshaji ndiye anayeuleta mpira kutoka nyuma akiudunda, anayeona nani yuko wapi, na anayeamua nani apewe na lini. Wenzake wote wanakula kwa mkono wa mchezeshaji. Mwaka wako wa kwanza ulibeba mfuko wa mipira ya wenzako. Wa pili uliingia kwa sababu mkubwa wako aliumia kifundo. Wa tatu gazeti la chuo likaandika kwamba unapitisha pasi palipo na tundu la uzi, ndipo jina la Sindano likakuganda. Huu ni wa nne na wa mwisho, na wewe ndiye nahodha. Niambie msimu umeanzaje. Mama yako pia anataka kujua, ingawa anajifanya anatafuta mkasi.

Mjomba wako


Bwenini, 9 Februari

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo,

Shikamoo na kwa Mama pia. Mwambie sketi aliyonishonea imesifiwa na mhadhiri wa saikolojia ya elimu, mwanamke ambaye tangu tumfahamu hajasifu kitu chochote.

Mimi sijambo. Chumba ni kilekile. Mwenzangu wa chumbani ameanza kufuga mmea kwenye kopo, anausemesha kila asubuhi kabla hajanisemesha mimi. Nimepangiwa mazoezi ya ufundishaji kwenye shule iliyo karibu na chuo, darasa la hisabati. Wanafunzi wameniambia naeleza sana. Niliwaambia ni ugonjwa wa ukoo.

Msimu umeanza vizuri. Tumeshinda mechi mbili na kupoteza moja. Paa la ukumbi wa mazoezi linavuja upande mmoja, kwa hiyo mvua ikinyesha tunacheza tukilizunguka beseni. Mnara, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, amepona mgongo. Kocha ameleta msichana wa mwaka wa kwanza tunayemwita Betri kwa sababu chaji haimwishii. Anakimbia, anaruka, anatupa mpira kikapuni kutoka popote, hata mahali ambapo mtu mwenye aibu asingethubutu. Anachekesha na ana adabu, ananiita dada.

Ulivyosema kuhusu kutazama wasio na mpira ni kweli. Siku hizi nina nafasi nzuri ya kuutazama mchezo, na ninaona mengi niliyokuwa siyaoni.

Mwenzetu mmoja alirekodi mchezo wa kwanza wa msimu. Nimeutuma kwenye simu ya Mama, muutazame wote. Msimruhusu fundi wa bomba autazame, atasema anajua kucheza.

Mpwa wako


Nyumbani, 2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na mama yako anasema marahaba. Habari za sketi zimemfurahisha kupita kiasi. Amemweleza kila mteja, na sasa mhadhiri wako amekwisha kuwa profesa.

Hapa hatujambo. Sare zimepungua na nimerudishiwa kiti changu. Mama yako amepata mwanafunzi wa ushonaji, binti mkimya ambaye hutia vifungo kama mtu anayepanga mayai.

Mchezo wako tumeutazama. Tuliisimamisha simu kwenye cherehani, tukaiegemeza kwenye mkebe wa nyuzi. Mama yako alitazama robo ya kwanza kupitia vidole, maana kila mtu alipokugusa aliona kama umeangushwa makusudi. Alimwita refa jina ambalo sitaliandika. Mimi niliutazama tena peke yangu, kisha nikautazama mara ya tatu nikiwa nimekiziba kikapu kwa kidole gumba ili nisivutwe na mabao. Nilimtazama mtu mmoja tu: yule wa jezi nyekundu aliyepewa kazi ya kukukaba wewe.

Hakukaba. Nisikilize kwa uvumilivu, maana hapa ndipo penye jambo. Kila ulipoleta mpira alirudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka akasimama katikati ya njia kati yako na Mnara. Alisimama amelegeza mikono kama mtu anayelinda mzigo wa mwenzake kituoni. Wakati huo wewe ulikuwa huna mtu mbele yako. Kikapu kilikuwa wazi. Ulikitazama? Hukukitazama. Ulitafuta wa kumpa, na wa kumpa alikuwa na watu wawili mgongoni, mmoja wake na mmoja wako.

Hii ni hesabu ya kutoa, mpwa wangu. Wapo watano kwa watano. Mmoja wenu akijulikana kwamba hatatupa kamwe, basi kwenu wanabaki wanne, na wao wana watano. Yule msichana hakuogopi. Anakuheshimu, labda, anapenda pasi zako, labda, ila hakuogopi. Na kila unapogawa kwa ukarimu, unamgawia mtu asiyekuwa na nafasi ya kula.

Jambo la pili ni dogo. Umeandika kwamba siku hizi una nafasi nzuri ya kuutazama mchezo. Mchezeshaji aliye uwanjani hana nafasi ya kutazama. Sikuulizi. Nakufahamisha tu kwamba barua zako huwa nazisoma zote.

Mjomba wako


Nyumbani, 20 Aprili

Sindano,

Hujajibu. Mama yako anasema nimekuudhi. Mimi nasema ni posta. Baada ya mjadala tumekubaliana kwamba yote mawili yanawezekana.

Hatujambo. Mvua imekatika. Bomba limebadilishwa lote, na fundi amekunywa chai yetu kana kwamba na yenyewe ilikuwa ikivuja. Yule binti wa vifungo ameanza kukata kitambaa, na mama yako ameanza kuuliza utamaliza chuo mwezi gani. Hasemi kwa nini anauliza, nami sijamuuliza.

Sitataja mpira katika barua hii.

Mjomba wako


Bwenini, 5 Mei

Mjomba, shikamoo,

Shikamoo Mama. Mimi sijambo, mmea wa mwenzangu haujambo, na wanafunzi wangu wamefaulu jaribio la sehemu isipokuwa mmoja, ambaye ameandika kwamba nusu ya nusu ni tamaa.

Posta haina kosa. Barua yako ilifika mapema. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, nikaiweka chini ya godoro, na nikakukasirikia mwezi mzima. Hasira yenyewe haikuwa ya uongo wako. Ilikuwa ya ukweli wako, na wa kocha, kwa sababu nyote wawili mlisema jambo moja na hamjawahi hata kuonana.

Niko benchi, Mjomba. Tangu mechi ya pili. Ule mchezo niliowatumia ndio wa mwisho nilioanza. Betri ndiye anayeanza, mimi huingizwa timu ikiwa imeshachoka au imeshashinda. Unahodha sijanyang'anywa. Ninamsalimu refa, ninawapa mkono wapinzani, kisha ninakwenda kukaa.

Kocha aliniita baada ya mechi ile. Ni mwanamke wa maneno machache, anaongea akikunja taulo. Alisema wapinzani wetu wote wamekwisha kunijua. Wakisikia Sindano wanajua mtu mmoja hahitaji kukabwa. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mkarimu mpaka unatupunja." Nilijibu kwamba kazi ya mchezeshaji ni kugawa. Akauliza ni nani aliyeniambia mgawaji hana fungu. Nilitoka nikiwa nimeudhika, na jibu lilinijia siku nyingi baadaye, kwenye foleni ya chakula, mpishi wa bweni aliponiuliza kama nataka ukoko.

Mjomba, sipendi ukoko.

Sijawahi kuupenda. Ninajua mtashangaa, maana nyumba nzima inajua, majirani wanajua, hata wageni wakija huambiwa wasiuguse ukoko, ni wa mtoto. Lakini kumbuka ilivyoanza. Tangu niweze kushika upawa mimi ndiye niliyekuwa napakua, kwa sababu Mama alikuwa na wateja na wewe ulikuwa na madaftari ya kusahihisha. Anayepakua huanza na wageni, kisha wakubwa, kisha wadogo, na sahani yake ni ya mwisho. Siku moja zamu ya sahani yangu ilifika sufuria likiwa limebaki na ukoko mtupu. Uliniuliza kama nimepata chakula. Nikaona ukijua utanipa chako, nikasema naupenda ukoko. Ulicheka sana ukasema huyu mtoto ana meno. Tangu siku hiyo mkawa mnanikwangulia kwa upendo, tena mnaongeza. Ningesemaje?

Na sasa nikishika mpira ninaona sahani. Ninamwona Mnara hajapata, ninamwona wa pembeni hajapata, mkono wangu unatoka wenyewe. Kutupa mwenyewe naona kama kujipakulia mbele ya wageni.

Kocha atachagua kikosi cha kwanza cha mashindano ya vyuo mwezi ujao. Ni mashindano yangu ya mwisho. Betri anatupa vizuri lakini hajui kusoma mchezo, huja kuniuliza, nami humfundisha kila jioni. Wenzangu wanasema ninamnolea kisu anayenichinja. Mimi sioni hivyo, ila ningependa kucheza. Nimeliandika, usilisome kwa sauti.

Mpwa wako


Nyumbani, 16 Mei

Mpwa wangu, mwenye meno,

Nimeisoma kwa sauti. Hukuniambia mapema, katazo lilikuwa mwishoni, nami huanza mwanzoni.

Ilikuwa wakati wa kula. Nilipofika kwenye ukoko mama yako aliweka kijiko chini. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hiyo mtoto anakula makaa." Nikajiandaa kumfariji. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka binti wa vifungo akaja kuona nani ameumia, akaelezwa, naye akacheka, ndipo nikajua kwamba ana sauti. Sufuria la siku hiyo lilikuwa na ukoko mzuri wa rangi ya kahawia. Tukatazamana. Hakuna aliyeunyooshea mkono. Mwishowe niliula mimi kwa sababu ya heshima ya mada, na ninakutaarifu rasmi kwamba katika nyumba hii hakuna anayeupenda ukoko. Siku hizi sufuria hulowekwa kwa maji.

Mama yako alisema jambo jingine baadaye, akiwa ameinama kwenye kitambaa, nami ninaliandika kama lilivyo: "Mwambie alinidanganya vizuri, lakini asiwadanganye wenzake wa timu. Wao hawajamzaa."

Sasa nikueleze, maana nisipoeleza nitaugua. Unafikiri kutupa mpira kikapuni ni kujipakulia. Ungekuwa umekaa mezani, sawa. Uwanjani si sahani, ni nafasi zinazogawanywa, na nafasi haigawanywi kwa mkono. Ukitupa, yule wa jezi nyekundu lazima akusogelee. Akikusogelea ameondoka kwa Mnara. Mnara anapumua. Umempa kitu kabla mpira haujamfika, na hakuna gazeti litakaloandika. Kwa hiyo hata mpira usipoingia kuna kazi umefanya. Sisemi utupe ovyo. Kutupa ovyo ni ugonjwa mwingine, na nadhani Betri anao kidogo. Nasema utupe unapoachwa wazi, bila kuomba radhi kwa uso.

Hilo la uso nimeliona kwenye simu. Ulitupa mara moja tu mchezo mzima, na kabla mpira haujatua ulikuwa umeshainua mkono kuwaomba wenzako samahani. Uliingia, mpwa wangu. Uliomba samahani kwa bao.

Mjomba wako


Kwenye basi, 11 Juni

Mjomba na Mama, shikamoo zenu,

Samahani kwa mwandiko, ninaandikia kwenye basi la timu na dereva hapendi mashimo yapite bila kuyajaribu.

Sote hatujambo. Wanafunzi wangu walinipigia makofi siku ya kuagana, na yule wa nusu ya nusu alilia. Mtihani wa mwisho umebaki mmoja.

Jana tulicheza mechi ya kirafiki, na kwa bahati walikuwa walewale wa jezi nyekundu, pamoja na yule aliyekuwa hanikabi. Tulikuwa nyuma. Betri alikuwa amekwisha kufanya makosa mengi ya mikono, kocha akaniangalia na taulo lake, akanionyesha uwanja kwa kidevu. Nikaingia.

Nikaleta mpira. Msichana wa jezi nyekundu akarudi nyuma kama kawaida yake, amelegeza mikono. Alinitabasamia. Nikatupa. Mpira haukugusa hata ringi, ulipita chini ya wavu kama barua iliyokosea mlango. Watu wa jukwaani wakacheka, mmoja akaita, "Sindano, rudi ukashone!" Nilihisi masikio yanawaka, na mkono wangu ukaanza kupanda kuomba samahani. Nikaushusha. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kutupa kwenyewe.

Safari iliyofuata akarudi nyuma tena. Nikatupa. Uligonga ubao ukatoka. Mnara akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayemwona jirani amevaa viatu vya harusi kwenda dukani. Kutoka benchi nikasikia Betri anapiga kelele, "Endelea dada, kaa hapo hapo!" Huyo ndiye anayenichinja.

Nikatupa tena. Uliingia, Mjomba. Haukuwa mzuri, ulizunguka ringi kana kwamba unatafuta ruhusa, ukaingia.

Lakini hilo silo ninalotaka kuwaambia. Ninalotaka kuwaambia ni lililotokea baadaye. Nilileta mpira, na alinisogelea. Alikuja mpaka kifuani, mikono juu, nikaisikia pumzi yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo umekula nini?" Sikuwahi kukabwa hivyo tangu mwaka jana, na nilifurahi kama mtu aliyebishiwa hodi. Nyuma yake palikuwa wazi kabisa, na Mnara alisimama pale peke yake kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Nikampitishia chini ya kwapa la yule msichana. Mnara hakuamini. Alifunga, akarudi akikimbia, akaniambia hajawahi kuona hewa nyingi kiasi kile.

Tulishinda. Kocha alikuwa akigawa fulana za kikosi cha kwanza mwisho wa mazoezi ya leo, na yangu hakunipa mkononi, alinirushia. Betri atakuwa wa akiba yangu. Alikuja kunipa mkono kabla sijamwendea, akasema tu kwamba jioni tuendelee na masomo.

Mpwa wenu


Bwenini, 29 Julai

Mjomba wangu, shikamoo. Shikamoo Mama,

Nimepokea kifurushi. Mama, koti limenikaa sawasawa, na ule mfuko wa ndani nimeuona na kilichomo nimekiona. Ahsante sana.

Mashindano yamekwisha. Tumetolewa nusu fainali, kwa bao moja, na ninajua mtasikitika, lakini nataka mjue kwamba mimi sisikitiki, au nasikitika kidogo tu, kama mtu aliyeshiba na kukumbuka kulikuwa na tunda. Nilianza michezo yote. Robo ya tatu ya mchezo wa mwisho nitaikumbuka mpaka nitakapokuwa nikieleza mambo kwa watu wasioniuliza. Walinikaba wawili. Wawili, Mjomba, mimi. Nikitupa walikuja, nikidunda walikuja, na kila walipokuja mtu wetu alikuwa wazi mahali fulani nami nilijua wapi bila kugeuka. Kuna wakati mchezo unatulia, kelele zinabaki lakini haziingii, unaona watu kumi kama unavyoona ubao uliouandika mwenyewe. Nilitaka robo ile isiishe. Kocha alitaka kunipumzisha nikakataa kwa kichwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu mzima yeyote. Alikunja taulo akakaa. Na wale waliotushinda walistahili. Mchezeshaji wao ni mzuri, anatupa kwa mikono yote miwili, tulibadilishana jezi, jezi yake ni kubwa mno kwangu na ninalala nayo.

Baada ya mchezo Mnara alilia, Betri alilia, mimi nikawashika wote wawili na kuona nina njaa. Tulikula sana. Nilipakuliwa na wengine. Mwambieni binti wa vifungo kwamba nilichukua paja la kuku, si ukoko.

Jambo jingine ni kwamba alinijia kocha wa klabu moja ya wanawake, yenye ukumbi wake yenyewe. Wana nafasi mbili: moja ya mchezeshaji katika timu, na moja ya kufundisha watoto, ambayo pia ni nzuri. Akaniuliza ninataka ipi. Nikamwambia zote ni nzuri, anipe yoyote atakayoona inafaa. Nimesikia kwamba yule mchezeshaji wa jezi kubwa naye ameulizwa, na kwamba anaitaka sana ya kucheza. Klabu inasubiri majibu kabla ya mwisho wa Agosti. Au nirudi nyumbani nimsaidie Mama kwenye duka lake la kushona. Yote mazuri. Mtaniambia mnaonaje.

Mpwa wenu


Nyumbani, 9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo, na tumekula paja lako kwa masimulizi. Binti wa vifungo ameomba lisomwe tena. Koti kukukaa sawasawa ni jambo la kawaida, mama yako amesema hahitaji kumpima mtoto aliyembeba. Magoti yangu yamekwenda kupimwa. Daktari ameniambia yana umri uleule na mimi.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Ni tabia, nisamehe. Kuhusu robo ya tatu umeandika ukurasa mzima bila nukta za kutosha. Kuhusu kufundisha watoto umeandika mstari mmoja, nao una neno "pia". Kuhusu kurudi dukani umeandika maneno machache ambayo naona yamekaa karibu na mlango, tayari kuondoka.

Kuhusu duka, nilimuuliza mama yako hatimaye kwa nini amekuwa akiuliza mwezi wa kumaliza chuo. Nilidhani anakuhitaji. Mimi mwenyewe nilitaka akuhitaji. Nyumba hii ni kimya, na hakuna mtu wa rika lako anayenicheka vizuri. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilikuwa nauliza ili nijue nimshonee nini. Dukani nina mtu. Asije akaniambia amerudi kwa ajili yangu, nitamfunga nje." Kisha akaniambia niandike hivyohivyo, nisipambe.

Sasa nikuonyeshe ulipokosea, halafu ninyamaze. Yule kocha hakukuuliza nafasi ipi ni nzuri. Alikuuliza unataka ipi. Hayo ni maswali mawili, na wewe umejibu ambalo hukuulizwa, kwa adabu nyingi. Kwenye mtihani wangu ungepata sifuri yenye mwandiko mzuri. Huyo mchezeshaji wa jezi kubwa ameulizwa akasema anaitaka. Hajakunyima kitu, amejibu swali. Mkijibu wote wawili, klabu itawatazama na kuchagua, na anaweza kuchaguliwa yeye. Hilo ni sawa, ni mchezo. Lakini ukinyamaza, hawatajua kwamba mlikuwa wawili. Watampa yeye nafasi, wewe watakupa watoto, na kila mtu atasema Sindano anapenda watoto.

Usingoje tukuambie tunaonaje. Sisi tunaona kwamba unajua.

Barua hii ikikufikia, usiirudie kuisoma na usiiweke chini ya godoro. Chukua simu leo, mpigie yule kocha wa klabu, umwambie unataka kucheza.